Dashibodi inazimika kwenye matuta: nataka kufungua makava ya pikipiki mwenyewe, nianzie wapi?

Mpiga Gia

Wakuu habari zenu, na kwa wakubwa zangu shikamooni.

Nina pikipiki ya spoti iliyovaa makava mwili mzima, kuanzia kioo cha upepo hadi chini ya injini. Tatizo ni dashibodi. Nikiwasha swichi inawaka vizuri: mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda hadi mwisho na kurudi, namba za spidi zinaonekana, taa za onyo zinawaka na kuzima kama kawaida. Lakini nikiingia barabara mbovu au nikipita tuta inazimika yote ghafla, sekunde moja au mbili, halafu inarudi. Ikirudi saa imeanza upya na kile kihesabu cha safari kimerudi sifuri. Injini haistuki hata kidogo, inaendelea kuvuta kama kawaida.

Kuna mengine mawili madogo. Asubuhi kioo cha dashibodi kinashika ukungu kwa ndani, na upande wa kulia mwanga wake ni hafifu kuliko kushoto.

Fundi wa kwanza aliniambia ninunue dashibodi nzima, na hakuipima na kitu chochote. Wa pili alikuwa tayari kufungua, lakini siku hiyo hiyo nilimwona anabandua kava la pikipiki ya mteja mwingine kwa bisibisi ya bapa, na likalia "ka!" Nikaondoka na pikipiki yangu. Naipenda sana hii pikipiki na nataka kuijua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nina spana za L seti nzima, bisibisi za nyota, na multimita ya kawaida. Naomba kujua: lazima nivue makava yote ili niifikie dashibodi? Nianze na lipi? Na je, nikichomoa betri, kilomita zote zilizotembea zitafutika?

Nondo

Mkuu anza na fyuzi na terminali za betri. Dakika tano tu. Usivue kava hata moja kabla ya hapo.

Mzee wa Nyaya

Marahaba kijana wangu. Nondo amesema vizuri, ila mimi naanza na saa yako, maana umetupa dalili nzuri bila kujua.

Saa ya dashibodi inalishwa na waya wake unaotoka betri moja kwa moja, hauzimwi na swichi. Ndiyo maana pikipiki inalala usiku kucha na asubuhi saa iko sawa. Mwanga, mshale na namba za spidi vinalishwa na waya mwingine unaopita kwenye swichi. Ni njia mbili tofauti, na kwenye pikipiki nyingi kila njia ina fyuzi yake. Kwako zote mbili zinakufa sekunde ile ile. Fyuzi mbili kuachia pamoja na kurudi pamoja, kila tuta, mimi siamini. Kinachoachia ni kitu ambacho njia zote mbili zinakitumia, na vitu hivyo ni vichache: waya wa ethi (wa kurudisha umeme hasi) wa dashibodi, soketi iliyo nyuma yake, au pini za soketi hiyo pale zilipolehemiwa kwenye bodi ya ndani. Na kwa kuwa injini haistuki, betri na terminali zake siziwekei shaka kubwa. Zikaze tu, haidhuru.

Sasa pima kabla ya kufungua. Betri ikiwa imepumzika, injini imezimwa, itoe kama volti 12.6. Washa, pandisha hadi kama rpm 4000, isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikipita 15, rektifaya yako, yaani kile kifaa kinachodhibiti chaji ya betri, inazidisha chaji, na hiyo inaunguza balbu na dashibodi. Hata ukiitengeneza dashibodi leo itakufa tena, kwa hiyo ungeanza na rektifaya.

Halafu simamisha pikipiki mahali tambarare, washa swichi bila kuwasha injini, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho ukitazama dashibodi. Kwenye pikipiki kama yako dashibodi imefungwa kwenye fremu ndogo ya chuma inayobeba kava la mbele, haizunguki na usukani, kwa hiyo nyaya zake hazikunjwi kila ukikata kona. Zinazokunjwa ni za swichi ya ufunguo na za vitufe vya mkononi. Kisha gonga dashibodi yenyewe kwa kifundo cha kidole, juu, pembeni, chini. Ikizimika kwa kugongwa na si kwa usukani, tunajua tunaelekea wapi.

Kilomita zako usiziogope. Zinaandikwa kwenye memori isiyohitaji umeme kuzihifadhi. Ukichomoa betri itapotea saa, labda na kihesabu cha safari, basi.

Kuhusu makava: si lazima yote. Lala chini, piga tochi kutoka gurudumu la mbele kwenda juu, nyuma ya taa kubwa. Ukiona nati za dashibodi na mkono unafika, kuna uwezekano mkubwa kwamba kioo cha upepo na vile vipande vyeusi vya ndani vinatosha. Mkono usipofika, itabidi kava la mbele litoke, na hilo haliwezi kutoka mpaka ya pembeni yatoke au angalau yalegezwe.

Chomoa kwanza waya hasi wa betri. Tandika blanketi juu ya tangi na lingine sakafuni. Chukua kipande cha boksi, chora umbo la pikipiki kwa kalamu, na kila skrubu unayoitoa ichomeke kwenye boksi mahali pake. Usizitie zote kwenye kikopo kimoja. Kwa macho zinafanana, urefu haufanani, na skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kutoboa rejeta au kukwaruza tangi. Skrubu nyingine zina bushi ndogo ya chuma inayopita ndani ya plastiki. Kazi ya bushi ni kupokea nguvu ya kukaza ili plastiki isibanwe. Ikipotea, kava litapasuka pale pale pa skrubu baada ya muda. Piga picha kila hatua.

Anza na kioo cha upepo. Skrubu zake mara nyingi zinaingia kwenye nati iliyovikwa raba. Ukiona skrubu inazunguka bila kutoka, raba inazunguka nayo. Ishike kwa nyuma na vidole, usizidishe nguvu. Kisha vioo vya pembeni: boliti zake kwenye pikipiki nyingi za aina hii zinapita ndani ya kava la mbele na kuingia kwenye ile fremu ndogo, yaani kioo cha pembeni ndicho kinacholishika kava. Ukishavitoa, kava la mbele limebaki na vishikio vichache, kwa hiyo awepo mtu wa kulikamata pamoja na taa yake.

Zile klipu nyeusi za duara ziangalie vizuri kabla ya kuzigusa, maana ziko za aina mbili. Moja unasukuma kitovu chake ndani kidogo, milimita mbili au tatu, mpaka kilie "tik", kisha unaitoa nzima. Ukikisukuma zaidi kinaangukia ndani ya kava. Nyingine kitovu kinanyanyuliwa nje kwanza. Kuirudisha ile ya kwanza, sukuma kitovu kutoka nyuma kisimame juu, iingize tunduni, halafu kibonyeze kilingane na uso wake.

Skrubu za nyota kwenye pikipiki za Kijapani nyingi ni za JIS, yaani kipimo cha Kijapani. Utazijua kwa kidoa kidogo kichwani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri humo, inaruka na kula kichwa. Kama huna ya JIS, tafuta inayojaa kabisa, ikandamize kwa nguvu kuliko unavyoizungusha.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Kava la plastiki halihitaji nguvu. Linashikwa na skrubu, klipu, vipini vilivyoingia kwenye raba, na masikio yaliyoingia kwenye mifereji. Kipini kinavutwa moja kwa moja kuelekea nje, kiganja kikiwa karibu nacho. Sikio halivutwi, linasogezwa kufuata mfereji wake, mbele au nyuma. Kava likigoma, kuna skrubu hujaiona. Simama, chukua tochi, itafute: chini ya kiti, ndani ya tao la gurudumu, chini ya kipande kingine kilicholalia juu yake. Aliyevunja kava la yule mteja alikuwa anashindana na skrubu. Bisibisi isiingie kati ya makava mawili hata siku moja. Kukiwa na baridi, lete pikipiki mahali penye joto kwanza, maana plastiki ya baridi inakatika haraka. Raba ngumu ipake maji ya sabuni.

Kava la pembeni likishaachia, usiondoke nalo. Lisogeze kiasi cha shibiri, chungulia ndani. Kuna waya wa indiketa umening'inia hapo.

Leta vipimo, tuendelee.

Kifaru Mweupe

Niongezee kwenye swali la kilomita. Ukinunua dashibodi iliyotumika inakuja na kilomita zake za pikipiki nyingine. Nchi nyingi ni kosa la jinai kuzibadilisha namba hizo ili kumdanganya mnunuzi. Kwa hiyo kutengeneza hiyo hiyo uliyo nayo, mbali na gharama, kunakuachia historia ya kweli ya pikipiki yako. Ukilazimika kubadilisha, andika kilomita za zamani na tarehe, weka pamoja na karatasi za chombo.

Mpiga Gia

Mzee, asante sana. Nimefanya kama ulivyoelekeza.

Betri 12.6 ikiwa imepumzika, 14.1 kwenye rpm 4000. Usukani nimeuzungusha hadi mwisho pande zote, hakuna kitu. Nilipogonga kona ya chini kushoto ya dashibodi ikazimika. Nikagonga tena, ikazimika tena.

Kwa tochi niliona nati tatu za nyuma lakini mkono haukufika, kwa hiyo kava la mbele limetoka. Kava la pembeni la kushoto liligoma kweli. Nikakumbuka maneno yako, nikaacha kuvuta. Skrubu ilikuwa ndani kabisa nyuma ya forki, haionekani mpaka ugeuze usukani kulia. Ilipotoka, kava lilikuja lenyewe mkononi. Ila nimekuta sikio moja la juu limekatika siku nyingi, mkato wake una vumbi jeusi, na mtu aliwahi kulibandika kwa gundi.

Kabla ya kuitoa dashibodi nilirudisha betri, nikachomeka soketi ya dashibodi, nikapima kutoka nyuma ya soketi swichi ikiwa imewashwa: pini ya ethi kwenda hasi ya betri inasoma volti 0.03. Njia zote mbili za umeme zinasoma volti za betri. Nikagonga huku napima: dashibodi inazimika, lakini vipimo kwenye soketi havibadiliki.

Nimechomoa betri tena, nimefungua mgongo wa dashibodi. Kwa kioo cha kukuzia naona pini mbili za soketi, risasi yake ya kulehemu ina mstari mwembamba umeizunguka pini duara. Ndiyo yenyewe?

Mzee wa Nyaya

Ndiyo yenyewe. Na umepima vizuri sana, maana ulipima dashibodi ikiwa imechomekwa na inakula umeme. Waya mbovu usio na mzigo unaweza kusoma vizuri na kukudanganya. Umeme unafika mlangoni, haupiti ndani. Ule mstari wa duara ni ufa: mtikisiko wa injini na barabara unaivuta pini kidogo kidogo mpaka risasi inaachana nayo. Tuta linazitenganisha, zikigusana tena dashibodi inarudi.

Sasa sikiliza, hapa polepole. Kwanza gusa chuma cha fremu ili umeme tuli wa mwili wako utoke. Weka dashibodi uso ukiangalia juu kila unapopumzika. Miongozo ya baadhi ya watengenezaji inaonya kwamba ukiiacha kifudifudi au kiubavu kwa muda mrefu mita zinaweza kuharibika. Mishale usiitoe, huna sababu. Ikibidi siku nyingine, weka alama mahali inapolala kwanza. Na ile skrini usiibandue kwenye bodi: chini yake kuna utepe wa raba wenye mistari myembamba unaopeleka umeme kwenye namba, ukisogea kidogo vipande vya namba vinapotea.

Pasi ya kulehemu iwe ya ncha ndogo, yenye kudhibitiwa joto, weka kama nyuzi 350. Risasi nyembamba ya 60/40 yenye dawa yake ndani. Kama bodi imepakwa varnishi ya kuzuia maji, ikwangue pale pa pini tu. Nyonya risasi ya zamani kwa utepe wa shaba, usiongeze mpya juu ya iliyopasuka na kuiacha hivyo. Gusa pini na shaba ya bodi kwa pamoja, hesabu moja, lisha risasi, ondoa. Sekunde mbili tatu. Ukikaa sana, shaba inabanduka kwenye bodi, na hapo kazi inakuwa nyingine. Risasi nzuri inatulia kama koni, inang'aa, imekumbatia pini pande zote. Fanya pini zote za soketi, si hizo mbili tu, zimepata mtikisiko ule ule. Fungua dirisha, moshi wa dawa hiyo si mzuri kifuani, na osha mikono kabla ya kula.

Ukungu: angalia ukingo ambapo kioo kinakutana na mgongo, kuna sili imekauka. Kausha ndani kwa joto dogo, kisha paka silikoni mpya. Chagua ile isiyonuka siki. Inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka na inakula shaba. Na chini ya dashibodi utakuta kitundu kidogo, mara nyingine kina kipande cha utando. Hicho usikizibe. Dashibodi inapata joto na kupoa, lazima ipumue. Ukiziba, maji yaliyobaki ndani hayana pa kutokea.

Gundi ya kuzuia skrubu zisilegee isikaribie makava. Ni nzuri kwa chuma, lakini ikigusa plastiki ya aina ya ABS au ya kioo cha upepo inaifanya ipasuke yenyewe. Mafuta ya breki vivyo hivyo, na petroli kwenye kioo cha upepo.

Binti Kava

Kaka Mpiga Gia, hilo sikio lililokatika niachie mimi, ndiyo kazi yangu.

Geuza kava, tafuta maandishi yaliyochongwa kwa ndani, yamewekwa kati ya mishale miwili. Ikiwa ABS, umebahatika. Ikiwa PP, aina nyingine ya plastiki, gundi haitashika, na ndiyo sababu gundi nyingi zinashindwa na watu wanadhani ni feki. PP inataka kuyeyushwa kwa pasi na kuongezewa fimbo ya PP.

Kwa ABS kwangua ile gundi ya zamani yote mpaka uone plastiki safi. Kata vipande vidogo vya ABS ile ile, mfano kutoka ndani ya kava bovu, viloweke kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo mpaka viwe uji mzito. Paka pande zote mbili, unganisha, shikisha kwa kibanio, acha saa 24. Asetoni inayeyusha plastiki yenyewe, kwa hiyo vipande vinakuwa kitu kimoja. Kwa nyuma lalia wavu mdogo wa chuma kisichoshika kutu, uupashe kwa pasi mpaka uzame, kisha ufunike kwa uji ule ule. Sikio linabeba mtikisiko, bila wavu litakatika hapo hapo.

Ukiona ufa unaotambaa kwenye kava, toboa tundu la milimita 3 mwisho wake kabla ya kuuziba, la sivyo utaendelea kusafiri. Asetoni isiguse upande wa rangi, na kioo cha upepo kiweke chumba kingine kabisa.

Mpiga Gia

Dada asante, ni ABS, imeandikwa. Sikio limeshika, nimelivuta kwa mkono halitikisiki.

Mzee, pini zote nimezilehemu upya. Kabla sijafunga makava nimechomeka dashibodi, nikaigonga pale pale kona ya kushoto, na pengine pote. Haizimiki. Sili mpya nimepaka, kitundu cha chini nimekiacha wazi. Kilichobaki ni ule mwanga hafifu wa kulia. Ndani hakuna balbu, kuna taa ndogo za LED zimelehemiwa kwenye bodi, mbili za kulia haziwaki. Nizibadilishe sasa au nifunge?

Mzee wa Nyaya

Badilisha sasa, maana kufungua tena ni kuvua makava upya. Pima kwanza kwa multimita kwenye alama ya diodi: nzima itawaka kidogo sana au kuonyesha kitu upande mmoja tu. Mita nyingine hazina volti za kutosha kwa LED nyeupe, kwa hiyo ijaribu kwenye moja unayojua ni nzima kabla ya kuamini jibu. Mara nyingi zimeunganishwa kwa mfuatano, moja ikifa mwenzake anazimika naye, kwa hiyo huenda mbovu ni moja tu. Nunua ya saizi ile ile na rangi ile ile, tazama alama ya upande wa hasi kabla hujaitoa ya zamani, piga picha.

Wakati wa kufunga, ingiza skrubu zote za kava moja mizunguko miwili mitatu tu kwanza, ukihakikisha kila sikio limekaa kwenye mfereji wake, ndipo ukaze. Shika spana ya L upande mfupi ili usipate nguvu nyingi. Na kabla kava la mbele halijafungwa kabisa, jaribu indiketa zote, taa kubwa mwanga wa juu na chini, na honi.